Ungo wa -ing

Anayechambua mchele kwa pupa huumbuka mezani. Jiwe moja tu chini ya jino, na sifa zote za pilau zimekwisha. Ndiyo maana wanaoijua kazi hiyo hukaa penye mwanga wa mlango, ungo mapajani, wakasogeza punje chache chache kwa ncha za vidole: mawe huku, chuya huku, chenga kule, na katikati mchele. Anayetazama kwa mbali hudhani ni kazi ya macho. Kumbe vidole ndivyo vinavyoamua, kwa sababu kijiwe cheupe kina sura ya punje lakini hakina mguso wa punje.

Kiswahili kina neno moja kwa kazi hii na kwa kazi ya mwanasarufi. Pamba huchambuliwa, mchele huchambuliwa, sentensi nazo huchambuliwa. Ukitaka kuona jinsi kazi hizo zilivyo ndugu, mtazame mwanasarufi wa Kiingereza aliyepakata ungo uliojaa maneno yenye mkia wa -ing.

Shuleni tulipewa kanuni fupi: -ing ni kitendo kinachoendelea. "I am reading", ninasoma. Kanuni ilitutosha hadi tulipotoka nje ya darasa. Ghorofa la mjini liliitwa "building", na lilikuwa limekwisha kujengwa kabla hatujazaliwa. Hapo kilikuwa kinaendelea nini? "Good morning" haikuwa na mtendaji. "During the war", wakati wa vita, haikuwa na kitendo chochote mbali na vita vyenyewe. Kanuni yetu ilikuwa imetazama rangi ya punje bila kuzigusa.

Hatua ya kwanza ni kutoa mawe. "Thing" ni kitu, "ring" ni pete, "bring" ni kuleta. Kata -ing kwenye "thing" utabaki na "th", ambayo haina maisha yake. Huo haukuwa mkia, ulikuwa kiwiliwili. Kipimo basi ni hiki: kata, kisha uone kama kilichobaki kinaweza kusimama. "Sing", imba, halikatiki. "Singing" hukatika mara moja tu, likabaki "sing".

Hata kwenye mawe kuna ya kustaajabisha. "King", mfalme, leo ni jiwe gumu, lakini katika Kiingereza cha kale liliandikwa "cyning", nalo lina undugu na neno la ukoo. Ndani yake mna -ing ya tatu, isiyo ya kitendo wala ya kuendelea, iliyomaanisha mtu au kitu cha asili fulani. Ndiyo hiyo iliyomo katika "farthing", sarafu ya robo peni, kutoka neno la sehemu ya nne. "Evening" nalo lilizaliwa kutokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kuchwa, kama sisi tulivyopata machweo. Kitenzi hicho kikafa, mtoto wake akabaki, na baadaye "morning" likaundwa kwa kumwiga. Kuna pia "shilling", ambayo sisi tuliipokea na kuiita shilingi. Tunaihesabu hadi leo bila kujiuliza ule mwisho wake ni wa nani. Mwanasarufi huyaweka haya yote kando ya ungo. Hayatupi, kwa maana yana historia, ila hayaruhusu kuingia chunguni.

Mawe yakishatoka, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Kwanza tuulize kwa nini punje zilizobaki zinafanana hivi, kwa sababu zamani hazikufanana. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na mikia miwili. Nomino iliyotokana na kitenzi ilichukua -ung au -ing. Neno la kumweleza mtu aliye katika kutenda lilichukua -ende: "singende" lilikuwa anayeimba. Msikilizaji aliisikia tofauti mwishoni mwa neno, basi. Karne zikapita, na mkia wa pili ukatamkwa kila jimbo kivyake: kaskazini -and, maeneo ya kati -ende, kusini -inde. Taratibu -ing ikaumeza, na kufikia mwisho wa karne ya 15 maandishi mengi yalikuwa na mkia mmoja tu kwa kazi zote mbili.

Kiswahili hakikupitia msiba huo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo tumeukabidhi mwanzo wa neno. Mwingereza ana "building" moja. Sisi tuna jengo lililosimama, ujenzi unaogharimu, kujenga kunakochosha, fundi anayejenga, na yule tuliyemkuta akijenga. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lakini sisi kila pishi limepata sahani yake, ilhali Mwingereza amepakua yote kwenye sinia moja.

Kwa hiyo mtu angedhani Mswahili ana njia ya mkato: atafsiri, aone ni sahani gani inakuja, amalize. Fundi hakubali. Tafsiri huonyesha maana, na katika kazi hii maana ndiyo kijiwe cheupe. Anayesema "her beautiful singing" na anayesema "singing beautifully" wanataja sauti ileile, koo lileile, usiku uleule. Maana haiwatenganishi. Kinachowatenganisha ni majirani. Kwenye sentensi ya kwanza neno limetanguliwa na kivumishi, "beautiful", kama ambavyo kingetangulia nyumba au ua. Kwenye ya pili limefuatwa na kielezi, "beautifully", ambacho nyumba haiwezi kufuatana nacho hata kidogo. La kwanza ni nomino, la pili ni kitenzi.

Hapo ndipo ufundi huu unapoanza kupendeza. Mwanasarufi halitazami neno usoni wala haliulizi linamaanisha nini. Analiuliza: unakaa na nani? Nomino hukubali "the" mbele yake. Hukubali wingi: "buildings", majengo. Na ikitaka kutaja kilichotendwa, huhitaji daraja dogo la "of": "the slow building of the bridge". Kitenzi hakihitaji daraja. Hushika yambwa yake moja kwa moja: "slowly building the bridge". Kitenzi hukubali kukanushwa kwa "not", na hukubali kusogezwa nyuma kwa "having". Kila kipimo ni mguso mmoja wa kidole. Kimoja peke yake chaweza kukosea, vitatu vikiafikiana huwa nadra kukosea.

Kisha hutokea punje ambayo vidole viwili vinatoa majibu mawili. "Their not inviting my aunt caused trouble." Tazama upande wa kushoto: "their", yao, neno la kumiliki, jirani wa nomino. Tazama ndani: "not" imekanusha na "my aunt" imeshikwa bila daraja, majirani wa kitenzi. Tena kifungu chote ndicho kilicholeta matatizo, kwa hiyo kimeketi kwenye kiti cha kiima, kiti cha nomino. Wanasarufi wa kimapokeo walikipa kiumbe hiki jina la Kilatini, jerandi, na wanafunzi wengi ulimwenguni wameliogopa jina hilo kuliko kiumbe chenyewe.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa. Sema: "Kutomwalika kwao shangazi yangu kumeleta maneno." Kwa nje ni nomino ya ngeli ya KU, inaleta upatanisho wake wazi, "kwao" na "kumeleta". Fungua ndani: -to- ya kukanusha, -mw- ya shangazi, mzizi wa kitenzi, na shangazi mwenyewe amekaa hapo kama yambwa yoyote. Vitabu vyetu vinaiita kitenzi-jina, na kiungo kati ya sehemu mbili za jina hilo kinasema ukweli mtupu. Tunatembea na jerandi mdomoni tangu utotoni, na hatujawahi kujikwaa nayo.

Sasa sukuma punje upande mwingine wa ungo, kwenye vivumishi. Filamu inaweza kuwa "boring", ya kuchosha, na "very boring", ya kuchosha sana. Inaweza pia ku-"seem boring", kuonekana inachosha. Mbwa anaweza kuwa "barking", anayebweka, lakini hakuna Mwingereza atakayemwita "very barking", hata kama jirani zake hawajalala wiki nzima. Neno dogo "very" limefanya kazi ambayo maana isingeweza. "Boring" limekwisha kuhama, sasa ni kivumishi kamili. "Barking" bado ni kitenzi kilichosimama tu mahali pa kivumishi.

Kuna pia jozi hii: "sleeping child" na "sleeping bag". Kwa maandishi zinafanana, lakini mtoto amelala na mfuko haujalala. Sikio la Mwingereza hulitambua hilo kabla ya akili yake: katika ya kwanza mkazo mkubwa huangukia mtoto, katika ya pili huangukia "sleeping". Kiswahili hapa kinatoa somo kwa kijisauti kimoja. Wa kwanza ni mtoto aliyelala. Wa pili ni mfuko wa kulalia. Ile -i- ya kutendea imeonyesha kwamba mfuko ni chombo tu, na anayelala ni mwingine.

Wakati mwingine majirani wenyewe hawatoshi, na fundi inambidi alete jirani mpya. "Visiting in-laws can be tiring." Kinachochosha ni kwenda kwa wakwe, au ni wakwe wanaokuja? Kiswahili kingekulazimisha uchague upande, na pengine ukose amani nyumbani. Kiingereza kinakuficha, kwa sababu "can" haibadiliki kwa umoja wala wingi. Mwanasarufi anaiondoa "can be" na kuweka kitenzi kinachobadilika. "Visiting in-laws is tiring": kwenda kwao kunachosha, na "visiting" ni kitenzi kilichowashika wakwe kama yambwa. "Visiting in-laws are tiring": wageni ndio wanaochosha, na "visiting" inawaeleza. Kubadilisha kitu kimoja kidogo na kuacha vingine vyote kama vilivyo ndiyo hila kuu ya kazi hii.

Chini ya ungo zinabaki punje zilizovuka mbali zaidi. "During" lilitokana na kitenzi kilichoazimwa kutoka Kifaransa, chenye maana ya kudumu. Kitenzi kimepotea, mkia umebaki, neno limekuwa kihusishi. "Concerning" na "considering" bado yana vitenzi vyake hai, kwa hiyo yanatakiwa kupimwa kila yanapotokea. "Considering his age, the doctor reduced the dose": daktari ndiye aliyezingatia umri, ni kitenzi. "Considering his age, he walks well": hakuna anayezingatia, mzee anatembea tu; ni kihusishi. Anayeona jambo hili kuwa la kigeni na alitazame neno "kuhusu". Lina ku- ya kitenzi, na -husu ni kitenzi kizima, lakini katika "kitabu kuhusu samaki" limeacha kutenda na linaunganisha tu. "Kutokana na" na "kulingana na" yamesafiri njia hiyohiyo.

Kazi hii imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja aliacha alama ya vidole vyake. Askofu Robert Lowth, katika sarufi yake fupi ya mwaka 1762, aliona kwamba ukiweka "the" mbele ya neno la -ing lazima uweke na "of" nyuma yake. Ukitaka kuacha kimoja, acha vyote. Aliandika kama mtoa amri, lakini chini ya amri hiyo mlikuwa na jicho: alikuwa ameona kwamba majirani hao wawili hutembea pamoja.

James Murray, Mskoti, alianza kuihariri kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879 ndani ya kibanda cha mabati, kwanza kwenye shule ya Mill Hill alikofundisha, baadaye kwenye bustani yake mjini Oxford. Wasomaji wa kujitolea walimpelekea mamilioni ya vikaratasi, kila kimoja na neno na sentensi lilimotumika. Watoto wake walilipwa vijisenti kuvipanga kwa alfabeti. Katika rundo hilo maneno mengi ya -ing yaligawanywa mara mbili, nomino ya kitenzi mahali pake na kivumishi cha kitenzi mahali pake, kila kimoja na ushahidi wake. Mkia wenyewe ulipewa vidahizo vitatu, kimoja kwa kila -ing tuliyoiona. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka 1884, ya mwisho 1928, miaka 13 baada ya Murray kuzikwa. Subira ya kazi hii ni ya namna hiyo: unapanga punje kwa chakula utakachokosa kukila.

Palikuwa na ugomvi pia. H. W. Fowler, mwandishi wa miongozo ya matumizi ya Kiingereza, alichukizwa na wanaosema "him singing" badala ya "his singing", kuimba kwake. Otto Jespersen wa Denmark, mgeni katika lugha hiyo, alimjibu kwa kumwaga mezani mifano ya waandishi wazuri waliosema hivyohivyo muda mrefu kabla ya ugomvi. Fowler alikuwa na sikio, Jespersen alikuwa na kabati la vikaratasi. Katika uchambuzi, kabati hushinda.

Lakini ninaowastaajabia zaidi ni wale walioufikisha ungo mahali ambapo vidole haviafikiani tena, kisha wakasema wazi walichokikuta, kila upande kivyake. Upande mmoja ni Randolph Quirk na wenzake. Mwaka 1959 Quirk alianzisha mradi wa kukusanya Kiingereza kama kinavyotumika, maandiko na mazungumzo 200, kila moja la maneno 5,000, milioni moja kwa jumla. Katika sarufi kubwa waliyoitoa mwaka 1985, yeye, Greenbaum, Leech na Svartvik walichukua neno moja, "painting", wakalipanga katika mifano 14. Mwanzoni ni picha zilizotundikwa ukutani, nomino isiyo na shaka. Mwishoni ni mtu aliyeshika brashi akichora, kitenzi kisicho na shaka. Katikati, kila mfano unapoteza chembe ya unomino na kupata chembe ya ukitenzi, na hakuna mahali ambapo unaweza kuweka kisu ukasema hapa ndipo. Hawakujifanya wameuona mpaka. Walionyesha mteremko.

Upande wa pili ni Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi ya Cambridge ya mwaka 2002, kitabu cha kurasa zaidi ya 1,800. Mapokeo yalitenganisha jerandi na patisipio, yaani kitenzi cha -ing kinachokaa mahali pa nomino na kile kinachoeleza au kuendeleza. Wao waliuliza swali ambalo mtoto angeweza kuuliza: je, kuna kitenzi hata kimoja katika Kiingereza ambacho maumbo hayo mawili yanatofautiana? Kwa umbo la wakati uliopita na patisipio yake, swali hilo lina jibu. "Walked" hutumika kote kuwili, lakini "sang" na "sung" hutofautiana, kwa hiyo tuna haki ya kusema ni maumbo mawili. Kwa -ing hakuna. Hata "be", kitenzi chenye vituko kuliko vyote, kina "being" moja tu. Basi wakayafanya umbo moja la kitenzi, wakaliunganishia majina yote mawili, na kuacha nje nomino halisi upande mmoja na kivumishi halisi upande mwingine. Mafungu matatu, kila moja na vipimo vyake.

Mtu anaweza kuona hawa na wale wanapingana. Mimi naona mikono ya aina moja. Wa kwanza walikataa kuchora mstari mahali ambapo punje hazikuuonyesha. Wa pili walifuta mstari uliokuwa umechorwa kwa heshima ya Kilatini tu. Wote waliziamini punje kuliko ungo.

Ungo wangu umebaki na sentensi moja: "Sorting takes patience." Kuchambua kunataka subira. Hiyo "sorting" ni nini? Haina "the" wala "of". Haina yambwa, haina kivumishi mbele, haina kielezi nyuma. Ungesema "careful sorting", ingekuwa nomino. Ungesema "sorting carefully", ingekuwa kitenzi. Peke yake, bila jirani, haina la kumwambia yeyote. Mwanagenzi hapa hukisia, kwa sababu anaona aibu kubaki na punje mkononi. Fundi huiweka ukingoni mwa ungo, akaendelea na nyingine, akingoja sentensi ijayo imletee jirani.